Sahihi ya Mke Wangu

Mkopo niliuchukua kwa jina langu, ninunue marobota ya mitumba Gikomba, nguo zikadoda. Niliposhindwa kulipa, afisa wa mikopo alinifuata nyumbani Buruburu na fomu, akitaka nyumba iwekwe dhamana ya deni hilo. Nami, mjinga, nilitia sahihi hata chai haijapoa. Ilibaki ya mke wangu, maana sheria inataka mke naye akubali.

Alivaa miwani, akasoma kila ukurasa, kisha akamrudishia afisa fomu yake.

“Mwanangu, zilizododa ni nguo,” akamwambia. “Nyumba imekosa nini?”

Nilikasirika sana. Kunikatalia mbele ya mgeni? Wiki nzima nilizungumza naye kupitia watoto: mwambie mama yako chumvi imezidi. Yeye alikwenda kwa yule afisa akaomba tulipe kidogo kidogo, akaanza kukaanga mahamri ya kuuza langoni. Deni likaisha.

Hati ya nyumba aliificha siku ile ile afisa alipoondoka. Mpaka leo sijui iko wapi, na namshukuru Mungu kwamba sijui.