Mbwa Sita Waliokaa Chini

Kwetu Nzega, nilipokuwa kijana, nilifanya kazi kwenye kituo cha pamba. Usidhani nilikuwa bwana shamba. Nilikuwa mtu wa kufyeka na kufagia. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu akahamishwa na mwingine hakuletwa, nami sikulia. Lakini namba nilizijua. Basi bwana shamba akanipa kazi ya kusoma kipima mvua, kile kichupa kinachokaa ndani ya bati katikati ya uwanja. Kila siku saa tatu asubuhi nakitoa, nakiinua usawa wa jicho, nasoma, naandika daftarini.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Nikaandika sifuri mpaka mkono ukazoea kuziandika bila mimi. Nikamwambia bwana shamba, "Mzee, kwa nini tusiandike mara moja tu kwamba hakuna, tukapumzika?"

"Wewe soma," akasema. "Serikali inazitaka sifuri zake zote."

Asubuhi moja nikakuta maji. Milimita kumi na mbili kamili! Nilikwenda mbio mpaka nyumbani kwake, akiwa anapiga mswaki, nikamvuta na mswaki wake mdomoni. Akatazama juu, mbingu nyeupe. Akatazama chini, vumbi. Akachukua kichupa, akanusa.

"Mvua hii," akasema, "ameinyesha mtoto wa mpishi."

Walinicheka mpaka msimu mwingine. Mimi sikujali kicheko. Ninachokikumbuka ni ule mwendo kutoka uwanjani hadi kwake, furaha niliyokuwa nayo kabla hajanusa. Mtu akingoja muda mrefu haulizi sana kinapokuja. Uso wa namna ile niliuona tena nikiwa mzee, huku Maryland, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anangoja baridi.

Huku nililetwa na binti yangu, nimlelee watoto. Yeye ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee upande wa Oxon Hill, na tunakaa Upper Marlboro. Watoto walipokua wakaanza shule, nikabaki na televisheni. Naongea nao Kiswahili, wananijibu Kiingereza, tunaelewana kama watu wawili wanaopungiana mikono ng'ambo ya mto. Sasa, binti yangu aliwahi kumuuguza mke wa huyo mzungu, huko mashambani nje ya mji, hadi mama yule akafariki. Yule bwana akabaki peke yake na mbwa sita. Siku moja binti akaniuliza, "Baba, unaweza kukaa na mbwa?"

"Kukaa nao vipi?"

"Kuwalisha, kuwazolea mavi. Yule mzee ana-struggle, Baba. Na wewe umekaa tu hapa."

Mimi ni Mwislamu, na mbwa kwetu ana masharti yake. Nikatenga nguo za mbwa, nikawa nazivulia bandani na kujiosha kama inavyotakiwa, mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo msikitini hawakuniacha. Kuna mzee mmoja wa Tanga, akiniona tu anauliza, "Mzee wa mbwa, leo umejiosha mara ya ngapi?" Namwambia ya sita. "Basi mkono usinipe, bado moja."

Yule bwana alikuwa rika langu. Alizaliwa kaskazini kabisa, kwenye theluji ya kweli, akaja Washington kufanya kazi ya ofisini mpaka akastaafu, lakini mbwa hakuwaacha. Kwa vile alimsikia binti yangu akiniita Baba, naye akaniita Baba. Nilimwacha hivyo hivyo.

Niwaeleze hawa watu, maana nilipoandika nyumbani kuhusu kazi yangu ndugu zangu walidhani nimechanganyikiwa. Wanashindanisha mbwa. Wanawafunga wawili wawili kwenye kamba ndefu, mbwa wanavuta gari la kuteleza juu ya theluji, na mwenyewe amesimama nyuma. Hana hatamu wala fimbo, anatumia mdomo tu. Akisema kulia, mbwa wa mbele anakwenda kulia na wengine wanamfuata. Lakini theluji ya Maryland haina adabu, inakuja siku mbili inageuka tope. Kwa hiyo watu wa hapa wanafunga mbwa kwenye kigari cha chuma cha magurudumu manne, kisicho na injini, na mashindano yao ni ya kwenye njia za msituni.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwa mzigo. Nakaa juu ya kigari, wao wananivuta, ili wapate misuli. Nimefanya kazi nyingi maishani, ila ya kulipwa kwa kukaa na kuwa mzito ndiyo hiyo moja.

Kazi ya tatu ilikuwa kusoma joto. Kwenye nguzo ya banda lao, banda la zamani la kukaushia tumbaku, palitundikwa kipimo cha mviringo chenye mshale. Mbwa wale wana manyoya mazito, joto linaweza kuwaua wakikimbia. Sheria ya bwana ilikuwa moja: mshale ukipita hamsini, kwa vipimo vya huku, kwetu ni kama kumi, hakuna kufunga mbwa. Kila asubuhi yeye anatandaza kamba chini, anapaza sauti, "Baba! Ngapi?" Nami nasoma.

Majira ya baridi ninayoyasimulia hayakuwa na baridi. Na hayo ndiyo yalikuwa majira aliyoyahitaji. Mtoto wake wa kiume, anayekaa jimbo la mbali, alikuwa amemwambia auze shamba, aende akae naye. Walibishana kwenye simu wiki nzima, mwisho wakaafikiana hivi: kuna mashindano mwisho wa majira. Timu yake ikimaliza, hata ikiwa ya mwisho, anabaki na mbwa mwaka mwingine. Isipomaliza, anawatoa mbwa na shamba linauzwa. Aliniambia mwenyewe, akiwa ameinamia ndoo. "Kumaliza tu, Baba. Sijaomba kushinda."

Sasa mbwa wasiokimbia hawafanyi mazoezi, na mbwa wale wasipokimbia wanalia. Si kubweka, kulia, midomo juu, wote sita, asubuhi nzima. Siku kumi na moja mfululizo nilisoma hamsini na tano, sitini, mara moja sitini na nane, watu barabarani wamevaa kaptura. "Baba! Ngapi?" Namwambia. Anakunja kamba. Alianza kuacha chakula. Nilikuwa nampelekea wali kwenye bakuli, kesho yake nakuta wali wangu wamekula mbwa.

Siku ya kumi na mbili nikasoma hamsini na sita.

"Baba! Ngapi?"

"Hamsini," nikasema. "Haijapita."

Sikukosea kusoma. Macho yangu ni mazima, binti yangu atakwambia namwona nzi aliye chumba kingine. Nilisema hivyo kwa sababu ya uso wake, na kwa sababu ya zile kelele. Naye hakuja kuangalia. Nguzo ilikuwa hatua ishirini. Shingo yake ilikuwa na jasho tangu anatandaza kamba, nililiona.

Aliyefungwa mbele alikuwa jike wa kijivu, ameshakuwa mtu mzima kwa umri wa mbwa, ambaye hakuwahi kugeuka nyuma kutazama kama watu wanakuja. Tulikwenda vizuri, tukavuka kidaraja cha mbao, tukaingia kwenye kona yenye mkuyu mkubwa. Pale akaanguka. Ulimi nje, rangi ya damu iliyolala, povu. Inavyotakiwa, na bwana mwenyewe ndiye aliyenifundisha, unamfungua mbwa, unampakia kigarini, unarudi polepole. Badala yake alipiga kelele. Sijui alishikwa na nini. Mtu ambaye hata akiniomba chumvi ananong'ona, alimpigia kelele yule mbwa kama anamfukuza mwizi. "Simama! Simama!"

Jike akasimama. Akavuta, na mimi nimekaa juu. Niliteremka, ndiyo, lakini baada ya hatua nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Bandani tulimmwagia maji tumboni hadi pumzi ikatulia. Jioni alikula. Tukadhani yamepita.

Baada ya siku nne baridi ikaja, baridi ya kuuma masikio, arobaini kasoro. Bwana alikuwa anacheka peke yake. Tukawafunga, wakaruka, wakavuka kidaraja, wakafika kwenye mkuyu. Jike wa kijivu akakaa chini. Walio nyuma yake wakakaa. Wote sita wamekaa njiani kama watu wanaongoja daktari.

Akawaita, hakuna. Akabadilisha, akamweka dume jeusi mbele. Dume jeusi likafika kwenye mkuyu, likakaa. Tukageuza njia, tukapita kwenye mashamba. Wakaenda kidogo wakakaa kwenye mashamba. Siku moja nilikimbia mimi mbele yao na kipande cha nyama mkononi, mzee wa umri wangu, koti linapepea, natweta, "Njoni basi, njoni!" Nikageuka. Wananitazama kwa heshima, wamekaa.

Tuliwapeleka kwa daktari wa mifugo akawapima miguu, moyo, meno. Wazima. Mwisho bwana akamwita mama mmoja wa Germantown, naye ni wa mbwa, ana timu yake. Alikuja na gari limejaa vizimba, akawatazama wakifungwa, wakiruka, wakienda, wakikaa. Akachuchumaa kwa jike wa kijivu, akamfunua mdomo, akamkuna kifua.

"Huyu haumwi," akasema. "Amekukatalia."

"Kwa nini?" bwana akauliza.

"Ulifanya nini?"

Bwana akainamia kamba. Mama akanitazama mimi. Nikatazama magurudumu.

"Wakikataa hivi," akasema, "hakuna cha kufanya. Nimeona watu wakijaribu nyama, nimeona wakijaribu kulia. Pengine mwakani. Pengine na mtu mwingine."

"Mwakani sina," bwana akasema.

Nyumbani nilimweleza binti yangu ile habari ya hamsini na sita. Alikuwa anavaa viatu kwenda kazini.

"Mwambie tu, Baba."

"Nikimwambia mbwa watasimama?"

"Hapana. Lakini mwambie. Na hivyo viatu viache nje, nimeshamopu."

Sikumwambia. Kila asubuhi nilikwenda na sentensi yangu ya Kiingereza nimeipanga, ananiuliza, "Baba, ngapi?" nasoma ukweli mtupu, arobaini, thelathini na nane, na ile sentensi narudi nayo.

Kabla sijasahau niseme: mbwa wote sita wapo Germantown, kwa yule mama, naambiwa wananenepa. Mtoto wa bwana alinipigia simu siku mbili baada ya mashindano, akasema baba yake yuko kwake, salama, na niwaache mbwa hukohuko waliko. Shamba limeuzwa. Sitaki mtu asome huku anaogopa kwamba mzee alijidhuru. Hakujidhuru.

Siku ya mashindano ilikuwa baridi safi. Msitu mzima kelele za mbwa, watu wamevaa namba vifuani, moshi wa kahawa. Timu zinaachiwa moja moja. Mimi mzigo sikutakiwa tena, kazi yangu ilikuwa kumshika jike wa kijivu kwenye mkanda wa kifua hadi hesabu iishe. Alikuwa anatetemeka, anataka. Nawaapia, alikuwa anataka. Nikageuka kumtazama bwana nyuma ya kigari, na ndipo nilipouona ule uso niliousema, uso wa mtu aliyekuta maji kichupani.

Tatu, mbili, moja. Nikaachia, nikaruka pembeni.

Walitoka kama jiwe. Hatua mia, mia mbili. Watu wakashangilia. Pale njia inapoingia kwenye miti, mbele ya macho yetu sote, jike wa kijivu akapunguza, akasimama, akakaa. Wakakaa watano.

Bwana akashuka. Hakupiga kelele. Akapiga magoti kwenye majani makavu, akazungumza naye sikioni muda mrefu. Jike akamlamba kidevu, mkia unatingishika, na hakuinuka. Nyuma kukawa na sauti, "Njia! Njia!" na timu ya yule mama wa Germantown ikatupita, yeye ametazama mbele tu.

Nilikuwa nimeshafika. Nikainama nikasema, "Siku ile ilikuwa hamsini na sita. Nilikudanganya."

Sijui kama alisikia. Alikuwa anaondoa majani kwenye manyoya ya mbwa, jani moja moja. Halafu akainuka, magoti yakalia.

"Baba," akasema, "nishikie."

Akanipa kamba ya mbele. Akavua ile namba kifuani, akaikunja, akaiweka juu ya kigari. Nilidhani anakwenda kuleta gari lake tuwapakie. Akalipita. Akapita meza ya kahawa, akapita watu wawili waliotaka kumshika bega, akafika kwenye geti la msitu, akashika barabara ya lami upande wa kushoto, mikono mifukoni, hatua za kawaida. Mbwa wote sita walisimama, masikio juu, wakamtazama. Nami nikasimama nao, nimeshika kamba, hadi timu ya mwisho ikarudi na watu wakaanza kukunja meza. Hakurudi.