Mkate wa Nyani Hautoki

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwoka mikate wa hoteli ya mbugani. Walimwita Bi Chachu, kwa kazi yake, na wenye kumjua walisema kwa ulimi wake pia.

Hoteli ilisimama kwenye ardhi ya kijiji kwa makubaliano: wanakijiji wapate kazi, wanyama waachwe waishi walivyoumbwa. Kisha akaja meneja mpya, kijana nadhifu mwenye haraka, akaanzisha "chai na nyani". Kila asubuhi mikate iliyolala ilirushwa barazani, nyani wakaja mbio, wageni wakapiga picha hadi chai ikapoa.

Haikupita miezi mitatu nyani wakayasusa matunda ya msituni. Walishuka kijijini, wakaingia kwa wifi yake Bi Chachu kupitia dirishani, wakatoka na viazi, sufuria wakaiacha inabingirika. Halafu dume mmoja mkubwa akampokonya mtoto mkate njiani na kumkwaruza shingo. Askari wa wanyamapori wakampiga risasi siku hiyohiyo.

"Kosa lake nini?" Bi Chachu alimwambia wifi yake. "Tumemfundisha wenyewe."

Kesho yake alioka kama kawaida, akafunga stoo, ufunguo akautia kifuani.

"Mama, mkate wa nyani uko wapi?" meneja akauliza.

"Wa wageni uko mezani. Wa nyani hautoki."

"Hii ni amri!"

"Nimesikia, baba. Masikio yangu hayajaziba."

"Wageni wanawapenda nyani."

"Na risasi je, nayo wanaipenda?"

Meneja akamfukuza kazi palepale, mbele ya wapishi. Bi Chachu aproni hakuivua, wala hakutokea mlango wa nyuma. Alikwenda moja kwa moja ukumbini, akasimama katikati ya meza.

"Wageni wetu, nyani mliyempiga picha juzi, jana aliuawa. Kilichomponza ni mkate niliouoka mimi. Mkitaka kuwaona wenzake, mwongoza wageni wetu atawapeleka msituni. Kule wanachimba mizizi, na wanapendeza zaidi."

Bibi mmoja akaufunika mkate wake kwa kitambaa.

Wiki hiyo kamati ya kijiji ilimwita mwenye hoteli, ikamsomea mkataba neno kwa neno. Chai na nyani ikafutwa. Bi Chachu akaambiwa arudi kazini, mradi aandike barua ya kuomba radhi.

"Radhi ya nini? Waandike wao, mimi nitasoma."

Hakurudi. Alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, na hoteli, ilipokosa mwokaji wa kumfikia, ikawa inanunua mikate kwake. Nyani walikaa miezi wakisubiri kwenye ukuta wa hoteli, kisha mmoja mmoja wakarudi porini.

Siku moja gari la hoteli liliharibika, meneja akaja mwenyewe na kikapu. Akawapita majirani waliokuwa wakingoja, akanyoosha mkono.

"Foleni inaanzia kule, mwanangu," Bi Chachu akasema, macho yake yakiwa kwenye unga.