Kofia ya Babu Kichwani kwa Mtani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilivyowafukuza watani kwenye msiba wa babu yangu, pale Kitomanga. Ndio kwanza nilikuwa nimeanza kufundisha lugha na mila chuo kikuu, na mkuu wangu wa idara alikuwa amekuja kunipa pole. Nilimkalisha kwenye kiti kizuri, nikataka aone familia ya watu wastaarabu.

Mara akatokea Bi Somoe, mtani wetu wa jadi, kavaa kofia ya marehemu na koti lake kama mila inavyomruhusu, anakohoa kama yeye. "Nyie, nani kaficha ugoro wangu? Hata kufa hamniachi nife kwa raha!"

Wafiwa walicheka huku wanalia. Mkuu wangu akainamisha uso. Haya zikanishika, nikamvua mama wa watu ile kofia na kumwambia aheshimu msiba.

Watani wote wakaondoka. Ndio waliokuwa wakipika na kuchimba kaburi, basi kazi ikalala. Shangazi yangu alinifuata uani na hasira zake.

"Huko chuoni unafundisha mila za nani? Baba yangu anazikwa kama maiti ya kuokotwa!"

Nilikwenda kwa Bi Somoe, nikapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

Aliitikia bila kuniinua. "Marahaba. Tutarudi kumzika mzee wetu. Ila na wewe msomi utachimba, na hiyo tai yako shingoni."

Nilichimba, mkuu wangu akitazama. Baadaye yeye ndiye aliyesimamia tasnifu yangu ya uzamivu, akaikuta sura ya watani wa misibani. "Hivi ni vichekesho," akasema. "Ondoa, au hupiti."

Sikuondoa! Nilimwambia usoni kwamba kilio cha kwetu kina kicheko ndani yake, na asiyekijua hicho hajatujua. Alinichelewesha miaka, wenzangu wakanipita vyeo. Mwishowe watahini wengine waliipitisha, na sura ile imo, neno kwa neno. Leo naifundisha, na anayeguna aendelee kuguna.

Mwanangu, unakwenda kusoma. Usiwaonee haya waliokulea, mbele ya mkubwa yeyote. Ukiwakosea, rudi kwa miguu yako uwaombe radhi. Ukiwaandika, waandike ili wakisomewa wajitambue. Ukiambiwa uwafute, kataa, hata ukibaki peke yako.

Mwenyezi Mungu akupe elimu, akupe na ubishi wa kuitetea. Akupe umri mrefu, na siku ya kuzikwa kwako usikose wa kukucheka.