Buna Iliyokataa Kuiva

Harufu ya buna ikikaangwa kwa samli hushika nguo mpaka kesho yake. Si kahawa ya kuchujwa hii. Ni matunda makavu na maganda yake, yaliyong'atwa ncha moja moja na wanawake waliokaa mkekani, kisha yakatiwa kwenye samli ya moto yakaanza kupasuka. Kwetu Isiolo, kwa sisi Waborana, bibi harusi hatoki nyumbani kabla buna hiyo haijaombewa dua na yeye kuionja. Nikiinusa popote, ninarudi kwenye ua wa nyanya yangu, nikiwa na miaka tisa au kumi, sina hakika, msimu ule mvua zilipokuwa zimetoka kuisha na maziwa yalikuwa mengi mpaka sisi watoto tukawa tunayabakiza vikombeni.

Watu huniuliza kwa nini nimekuwa MC, yule anayesimama na maiki kuongoza harusi na siku za kuwapa watoto majina. Hujibu haraka haraka kwamba napenda watu. Ni kweli, lakini si yote. Niliishia darasa la saba, na wako wenzangu hapa mjini wenye maneno mazuri na makoti ya kung'aa wanaoifanya kazi hii kunishinda. Kwa hivyo nimeona niiandike siku yenyewe, nisije nikazidi kuipamba kila ninapoisimulia.

Ilikuwa harusi ya Halima. Mama yake alifariki akimzaa, na Akoo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiborana, akamchukua mtoto huyo wa dada yake akamlea kwa maziwa ya mbuzi. Baadaye baba yake Halima alioa tena, na miaka michache ya mwisho Halima aliishi kwake. Mama huyo wa kambo alimtunza vizuri, sitamsema vibaya. Bwana harusi alikuwa wa Merti, na watu wake walikuja na lori na pikapu, wakitaka kuondoka mapema kwa sababu ile barabara si ya kuchezewa. Aliyeongoza sherehe alikuwa dereva wa lori hilo, Adan, kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na spika ziliwashwa kwa betri ya lori lake. Akasoma karatasi aliyopewa na baba yake Halima: wazazi, wajomba, wazee wa Merti, hata mwenye hema. Akoo hakuwamo.

Nilikuwa jikoni naye. Sikumwona akikasirika. Aliiinua tu sufuria ya buna kutoka kwenye mafiga, akaiweka chini, akakaa kwenye kigoda chake akiupa mlango mgongo.

"Mama, buna iko tayari," mama yangu akamwambia.

"Haijaiva."

Ua mzima ulikuwa unanukia. Wazee walikuwa wanangojea dua, Halima amefunikwa shela lake, jua linapanda. Adan akaita kwa maiki, "Huko jikoni! Mnapika buna ama mnapika mawe?" Watu wakacheka. Akoo hakucheka. Kidogo kidogo watu wa Merti wakaanza kunong'onezana kwamba pengine upande wetu umegeuza nia, na nikamwona mzee wao mmoja akisimama na kukung'uta kikoi chake kama mtu anayetaka kuondoka. Nikatoka mbio nikamvuta Adan shati.

"Hujasema Akoo."

"Akoo gani? Isiolo yote imejaa akoo."

"Akoo yetu. Ule alilea Halima."

"Haya, jina lake nani?"

Nilikuwa nalala kitanda kimoja naye tangu niachishwe kunyonya. Nilijua ni jino lipi humuuma na ni mbuzi gani anampenda. Jina lake sikulijua. Aibu ile naikumbuka kuliko vyakula vyote vya siku hiyo.

Adan angeweza kunifukuza. Badala yake akaelekea jikoni na maiki mkononi. Waya ukaisha mlangoni. Akaiweka maiki juu ya gunia la mchele, akavua viatu, akainama akaingia.

"Salaam aleikum, mama. Nimekosa. Karatasi niliyopewa haina jina lako, na mimi sikuuliza. Niambie nikalitaje."

"Aleikum salaam. Nani amekwambia nataka kutajwa?"

"Hakuna mtu, mama. Ni hii buna imekataa kuiva."

Wanawake wakaangua kicheko, na Akoo akajifunika mdomo kwa mtandio. "Dhaki Guyo," akasema mwishowe. "Na usiniite kama unaita abiria wa Merti."

Adan akatoka, akaichukua maiki, na hakuita hivyo. Alilisema taratibu, kwamba Halima amelelewa na mama Dhaki Guyo, na Halima akalia kwa sauti chini ya shela. Akoo akairudisha sufuria motoni, akaikoroga mara mbili tatu. "Sasa imeiva." Buna yenyewe ilikuwa chungu, imeungua upande mmoja. Tukaila yote, tukajipaka samli yake mikononi.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikimbia kwa ajili yake au nilitamani tu kuisogelea ile maiki. Pengine yote mawili. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Akoo kama alikuwa amekasirika. "Haikuwa imeiva," akaniambia, na siwezi kuapa kwamba alikuwa anadanganya.

Siku hizi majina huletwa kwa simu, yamepangwa vizuri kuliko karatasi ya baba yake Halima, na buna hupikwa kwa gesi. Siwezi kusema zamani kulikuwa bora. Ni zamani hiyo hiyo iliyomsahau Akoo. Nami nimeshasahau watu. Majuzi huko Gotu nilimruka shangazi wa bwana harusi, ikabidi niombe radhi mbele ya wote. Lakini kila mara, kabla sijaanza, napitia jikoni niulize nani anapika, na huyu anayeolewa alilelewa na nani. Wengi hunijibu, "Wacha tu, mimi si mtu wa kutajwa," nami nakaa chini, nangoja. Maiki yangu haina waya. Ingeweza kufika mpaka kwenye moto. Huizima mlangoni, nikaiacha hapo pamoja na viatu vyangu.