Pepo Aliyetaka Kwenda Tudor

Nilipokuwa mtoto nilimsikia pepo akiomba ruhusa ya kwenda Tudor, akapewa papo hapo, na mpaka leo jambo hilo linaniudhi.

Aliyeomba kwanza alikuwa mama yangu mdogo, Zuhura, aliyeolewa nyumba ya pili na yetu, Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, akawa hali, halali, hachani nywele. Alitaka akakae kwa mamake Tudor mpaka moyo utulie. Tudor, si Uarabuni! Mama mkwe wake akakataa. Watu watasema ameachwa, na ni wanawake wangapi wamezika watoto wakaendelea kupika? Mumewe akanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua vizuri. Kila akiomba, jibu lilikuwa avumilie.

Alipoanza kusema peke yake, wakasema ana pepo. Akaletwa mganga, mama mmoja wa makamo. Ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa, nasi watoto tukajibanza mlangoni. Mama mdogo akatetemeka chini ya kanga, akatoa sauti nzito nisiyoijua. Mganga akamwuliza pepo, kwa adabu zote, anataka nini.

"Nataka kwenda Tudor," pepo akasema. "Na mtu asinifuate."

Yule mama mkwe akapiga magoti. "Hewallah, bwana. Utakwenda leo leo."

Nilimwuliza mama yangu pepo ana jamaa gani Tudor. Alinifinya hata nikalia.

Mama mdogo alikaa huko mpaka akapata nafuu. Aliporudi, mganga ndiye aliyesifiwa.

Mwaka huu ofisini kwetu wenzetu wengi wamepunguzwa, na sisi tuliobaki tukaletewa mtaalamu wa kutufundisha ustahimilivu. Nilimwambia tunachotaka ni kujua kama kazi zetu zipo. Akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi.

Jioni nilikwenda kwa mama mdogo, siku hizi bibi wa wajukuu, nikamwuliza kama kweli kulikuwa na pepo. Aliendelea kumimina chai.

"Sijui, mwanangu. Najua tu kwamba yeye hawakumwambia avumilie."

Nilimaliza chai yangu, nikaaga. Kesho yake mtaalamu aliposema tena tufumbe macho, yangu niliyaacha wazi, nikamtazama.