Kanzu Niliyoikadiria kwa Mkono

Nimekosa, na usinitafutie udhuru. Ulimi wa kujitetea ninao, ndio mtaji wangu, ila leo nimeuweka pembeni.

Mimi ni mwanamke wa Mitole. Kazi yangu ni kuwapatania watu bei Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama. Nilikuwa nawasaidia mke na mume kutoka China waliofungua duka la vyombo vya plastiki. Kwao walikuwa wakulima wa mpunga, kama sisi tulivyo wa ufuta. Mtoto wao, Lin, walimwacha kijijini kwa bibi yake. Mama Lin alijua Kiswahili cha sokoni, cha kutosha kukataa kupunguza bei.

Niliwahusudu. Nikamwambia mume wangu, "Wenzetu wamevuka bahari, sisi tunashindwa kuvuka barabara? Sefu abaki kwa mama yako, tukachume wote Nangurukuru."

Akasema, "Mtoto si gunia, Mama Sefu, umweke stoo."

Nilimbana mpaka akakubali, tukahamia Nangurukuru. Kwenye kupatana sijawahi kushindwa na mtu ninayempikia.

Kila Ijumaa Sefu alipiga kwa simu ya bibi yake. "Mama, unakuja?"

"Wiki hii hapana, baba. Nikutumie viatu?"

Anafikiri kwanza. "Vyenye taa?"

"Vyenye taa."

Nakata simu nikijiona mjanja. Nimemshinda mtoto wa miaka saba.

Siku moja Mama Lin alikuwa anamnunulia mwanawe suruali kwa machinga, kuna mwenzao anarudi China ataipeleka. Akaweka mkono kifuani. "Lin hivi." Mumewe akauinua mpaka begani. "Hivi." Wakabishana kwa lugha yao, mikono inapanda na kushuka, mpaka Mama Lin akakaa juu ya ndoo akafunika uso.

Mimi nikacheka. "Chukueni zote mbili, nitawapatania."

Akaniangalia. "Wewe mtoto yako, bodaboda inafika. Mimi, ndege. Kwa nini wewe hapana kwenda?"

"Msimu wa korosho ukiisha nitakwenda." Ukaisha, ukaja wa ufuta.

Misimu ikapita, Sefu akaingia jando. Kwetu siku ya kutoka mtoto anavishwa nguo mpya, na mama anakuwepo kumpokea kwa vigelegele. Mimi siku hiyo nilikuwa na wateja wa jumla. Nikamzuia hata mume wangu asiende, kuna mzigo wa kushusha. Kanzu nikampa kijana wa bodaboda aipeleke. Kanzu nzuri, niliipatania bei asubuhi nzima. Kimo nilikikadiria kwa mkono.

Mama mkwe akapiga simu, hata salamu hakutoa. "Kanzu imeishia magotini. Ulimpimia nani?"

Mwanangu alitoka jando na kanzu ya kuazima.

Tulikwenda jioni ile. Sefu akanipa shikamoo ya mgeni, ameinamisha kichwa. Kichwa chenyewe kilinifika kifuani, na mimi akilini nilikuwa bado na yule wa kiunoni.

Nikamwambia, "Nimekuja kukuchukua, baba. Tukaishi wote."

Akafikiri kwanza. "Wiki hii hapana, mama. Nikutumie korosho?"

Hakuwa ananikejeli. Alinipa bei aliyoizoea kwangu.

Mume wangu alikataa kurudi Nangurukuru. "Wewe nenda," alisema, "kuna mtu anakungoja kule?" Nikarudi peke yangu. Mama Lin naye alifunga duka akarudi kwao. Alipoaga alinishika bega tu.

Sasa kila Alhamisi nafunga kazi mapema, nalala Mitole. Sefu ananikaribisha vizuri, ananiletea maji ya kuoga. Kuja kukaa na mimi Nangurukuru bado hataki, na mimi simbani tena.

Wewe unayesoma, kama umemwacha mtoto mahali, simama hapo ulipo, nyanyua mkono uonyeshe kimo chake. Mkono ukisita, funga biashara uende leo.