Kisutu Chenye Kawa

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ofisi yetu ya Changamwe, juu ya duka la vipuri, ilianza kutengeneza kurasa za mtandao, nami nikaomba kuchora picha zake. Bosi akanipa kazi moja ya kunijaribu: mteja akiridhika, nabaki kwenye kuchora, akikataa, narudi kwenye barua na bahasha. Nilizichukia barua zile, Mungu anisamehe.

Mteja mwenyewe alikuwa bibi mmoja muuza leso wa Likoni, ulimi wake hauna breki. Alitaka mabinti wa Mombasa walioolewa Maskati na Uingereza wazione leso zake kwenye kompyuta, waagize. Nikaanza na kisutu, ile leso ya bibi harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, maana kwetu harusi bila kisutu ni harusi gani? Nikakipiga picha, nikaipamba kwenye kompyuta ya ofisi, yenye rangi mamilioni. Ikatoka, mashallah! Nikatembea siku mbili kichwa juu.

Bibi akaifungua dukani kwake kwa kompyuta kuukuu aliyoinunua mtumba, kisha akapiga simu. Simu ilikuwa sikioni mwa bosi, na bado nilimsikia.

"Kisutu changu kina kawa!"

Kawa ni vile vidoa vyeusi vinavyoingia nguo ikikunjwa na unyevu wake. Kumwambia muuza leso nguo yake ina kawa ni tusi. Kumwonyesha bibi harusi kisutu chenye kawa ni nuksi. Nami nikachemka. Nikaomba simu, nikamweleza kwamba kosa ni la mashine yake: inajua rangi mia mbili hamsini na sita tu, na ikiikosa ile nyekundu, huiigiza kwa kuchanganya vitone vyekundu na vyeusi.

"Mwanangu," akasema, "kwani wateja wangu utawapelekea kompyuta yako?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Bosi akanipa siku tatu. Nikavuka feri hadi dukani kwa bibi, nikaketi mbele ya ile mashine kongwe, kisutu chenyewe nimekitandaza mapajani. Zilikuwapo rangi mia mbili kumi na sita ambazo kompyuta zetu za wakati ule, nzima na mbovu, ziliweza kuzionyesha bila kuchanganya vitone. Nikaitupa picha yangu ya maringo, nikaanza kukichora kisutu upya, kitone kwa kitone, kwa rangi hizo tu. Nyeusi na nyeupe hazikuwa na matata. Nyekundu ndiyo iliyonitoa jasho.

Bibi alikuwa akipita nyuma yangu na kikombe cha kahawa. "Hiyo ya bango la soda." Nikabadilisha. "Hiyo ya pilipili. Wewe umeona wapi kisutu cha pilipili?" Nikauma meno, nikabadilisha tena. Lakini nisiseme uongo: nilikuwa na raha. Tangu asubuhi hadi adhuhuri nachagua nyekundu, na kuna mtu anayeiona kuwa ni kazi ya maana!

Siku ya tatu bosi akaja kujionea mwenyewe. Nilikuwa nimepata rangi iliyokaribia damu ya mzee, tulivu, haina kidoa hata kimoja. Bibi akakichukua kisutu mapajani mwangu, akakiinua kando ya kioo, akarudi nyuma hadi mlangoni, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa mawili.

"Hiki changu," akasema. Kisha akamgeukia bosi. "Zimebaki leso thelathini. Zote azichore huyu huyu. Ukiniletea mwingine, simfungulii mlango."

"Sawa, bibi," bosi akaitikia.

Wallahi, nilitaka kumkumbatia. Nikatafuta neno la shukrani, machozi yako karibu, na kilichonitoka ni "Shikamoo, bibi," saa nane mchana, baada ya kushinda naye siku tatu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, wala hakucheka.